Uvimbe shingoni wanahisi limfoma (saratani ya tezi), sindano haitoshi mpaka wapasue?

Kaka Mtu
Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kiume ana uvimbe shingoni upande wa kushoto, wiki ya 7 sasa hivi, hauumi, ukiugusa uko kama kipande cha mpira, ulianza saizi ya gololi sasa umeshazidi. Antibayotiki kamaliza dozi 2 hola. Wakampiga ile sindano nyembamba ya kunyonya (FNA), jibu likaja "hakuna seli za saratani zilizoonekana", nyumba nzima tukashangilia, leo daktari mwingine anasema hilo jibu halimtoshi anataka kinyama, yaani kipande cha uvimbe wenyewe wakapime. Dogo anaogopa kisu vibaya sana. Hivi kama sindano imesema hana, wanaendelea kumchokonoa kwa nini? Na hakuna njia ya katikati?

Darubini
Pole mkuu. Mi nashinda maabara ya patholojia, ngoja nikwambie tunachoona sisi. Ile sindano inanyonya seli zikiwa zimeachana achana, tunazipaka kwenye kioo basi. Saratani iliyotoka sehemu nyingine ikahamia kwenye tezi, hapo FNA iko vizuri maana zile seli ni wageni, zinajulikana tu. Limfoma sasa, mgeni hayupo, ni seli za tezi yenyewe ndo zimeasi, na kuijua ni aina gani lazima uone zilivyopangana. Yaani ni kama umepewa gunia la matofali unaambiwa uchore nyumba ilivyokuwa. Ile aina ya limfoma inayoitwa Hodgkin ndo balaa kabisa, seli zake za saratani, zinaitwa Reed-Sternberg, ni chache mno, zimezungukwa na umati wa seli za kawaida, kwa iyo jibu lenu maana yake hazikuonekana kwenye kile kitone tu, sio kwamba hana.

Njia ya katikati ipo, biopsi (kuchukua kinyama) ya sindano nene kwa kuongozwa na ultrasaundi. Inatoa kijinyama kirefu kama sentimita 1 hadi 2, chembamba kama uzi wa kushonea viatu, hicho tunakikata, tunakipaka rangi, tunapima alama za kwenye seli kama CD20 na CD30 zinazosaidia kujua ni aina gani. Waombe wachukue vipande kadhaa, kimoja hakitoshi, na waulize maabara mapema kama kuna kipande kinatakiwa kibaki kibichi kwa flo saitometri (kipimo cha mashine kinachosoma seli moja moja), maana kikishazama kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, kipimo hicho kimeshapita.

Bibi Skafu
Mimi nilifanyiwa hiyo ya sindano nene. Unalala chali wanakuwekea mto mabegani shingo inanyooka, ganzi inachoma kidogo, halafu ile bunduki ya sindano inalia TA! kama stepla, mwambie dogo mapema kuhusu huo mlio maana mi ndo ulionishtua, maumivu wala. Daktari alikuwa haondoi macho kwenye skrini, mishipa mikubwa ya damu iko pale pale. Nikaondoka na plasta, kovu ni kama nimeumwa na mbu. Kama anakunywa dawa za kulainisha damu (za kuzuia isigande) aseme kabla.

Mzee wa Wodi
Darubini kasema vizuri ila msimtoe mtu kwenye kisu moja kwa moja. Kutoa tezi nzima bado ndo kipimo bora, sindano nene inaweza ikaleta jibu la "inatia shaka" na hapo mtarudi chumba cha upasuaji tu. Ila shingoni kisu kina gharama yake, pembeni huku nyuma kuna neva ya kuinua bega inapita juu juu, ikiguswa bega linalegea. Ndo maana wengi wanaanza na sindano, ikigoma wanapasua.

Halafu kuna kitu hamjauliza. Dogo kapewa steroidi yoyote, zile dawa za kushusha uvimbe kama prednisoloni? Prednisoloni inaweza kusinyaza limfoma kwa siku chache, mnafurahi uvimbe umeshuka, kinyama kikichukuliwa hakisomeki.

Kaka Mtu
Aisee. Kaandikiwa jana, vidonge viko hapa mezani, alikuwa aanze kesho asubuhi. Anywe au asinywe?

Mzee wa Wodi
Piga simu kwa huyo daktari wa kinyama leo leo umsomee jina la dawa, yeye ndo aamue. Ila kama anapumua kwa shida au uso umevimba usisubiri simu, mpeleke dharura.

Kaka Mtu
Anapumua fresh. Napiga sasa hivi.