STL au MA kwa anayetaka kufundisha teolojia chuo kikuu?

Kijana wa Igoma
Heshima kwenu wakuu. Mdogo wangu yupo hapa Mwanza, ni mlei, ana STB (shahada ya kwanza ya Kikanisa ya teolojia) ya seminari kuu. Anataka kufundisha teolojia na kupanda hadi uprofesa. Ana nafasi mbili: STL (shahada ya pili ya Kikanisa ya teolojia) ya miaka miwili Nairobi, au MA (uzamili wa kawaida) hapa nchini. Ipi itamfaa, na aanze kuandaa nini?

Nyamagana77
Mkuu, muulize kwanza anataka kufundisha wapi. Kwa seminari, MA haitoshi. Kanuni ya 253 ya Sheria ya Kanisa inataka walimu wa falsafa, teolojia na sheria wawe na udaktari au lisensiati ya chuo kinachotambuliwa na Kiti Kitakatifu, na STL ndiyo lisensiati yenyewe.

Vyuo vilivyo chini ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) vinatazama GPA, yaani wastani wa alama kati ya 5. Kwa mhadhiri msaidizi, tarajia 4.0 kwenye uzamili. Shahada ya kwanza 3.5, na vyuo vya umma huomba 3.8. Wenye STL wengi wanakwama hapo. Vyuo vya Kipapa hutoa alama kati ya 10 na daraja kama magna cum laude, GPA haipo, na ofisi ya utumishi isiyoujua mfumo huo inaweka maombi kando. Aombe TCU itambue shahada zake mapema, asisubiri tangazo la kazi. Aambatanishe vyeti, transkripti zenye maelezo ya mfumo wa alama, na vyeti vya kidato cha nne na cha sita. Kilichoandikwa Kilatini au Kiitaliano kiende na tafsiri rasmi.

Mimi ningechagua STL. Inaingia milango yote miwili. MA inaingia mmoja.

Mlei_Bugando
Naunga mkono, ila hiyo STB ikaguliwe leo leo. Seminari iliyounganishwa na chuo cha Roma, mfano Urbaniana, haitoi shahada kwa jina lake. Hicho chuo ndicho kinachotoa. Mtu anaweza kumaliza miaka yote ya teolojia akabaki na cheti cha seminari tu kwa sababu hakufanya mtihani wa jumla wa mwisho. Bila STB au kinachotambuliwa kulingana nayo, STL haianzi.

Jambo la pili hugundulika watu wakiwa wamechelewa sana. Kwenye udaktari wa Kikanisa, kutetea tasnifu siyo mwisho. Lazima ichapishwe, angalau sehemu yake kuu, ndipo shahada itolewe. Atenge fedha za uchapishaji tangu mwanzo, la sivyo atarudi nyumbani bila cheti na cheo cha mhadhiri kitamsubirisha.

Usharika wa Pasiansi
Kwa wanaosoma hili wasio Wakatoliki: Walutheri wengi huanza na BD (shahada ya kwanza ya teolojia), kisha uzamili wa teolojia, kwa mfano chuo kikuu cha Makumira. GPA ni ile ile ya kawaida.

Nyamagana77
Uprofesa unajengwa na machapisho, kwa hiyo mada ichaguliwe kwa makini. Laurenti Magesa, padri wa Jimbo la Musoma aliyefariki 2022, alijulikana duniani kwa kuandika juu ya maadili ya dini ya asili ya Kiafrika. Kanda yetu ya Ziwa ina mada tele za utafiti. Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, 1883, na shajara za misheni zao ziliandikwa kwa Kifaransa. Akichagua historia hiyo, Kifaransa akisome kabla ya pendekezo la utafiti. Akichagua Biblia, ni Kiebrania na Kigiriki. Asiye nazo hupoteza mwaka mzima wa maandalizi.

Akienda kuhoji wazee Ukerewe au Magu, barua ya paroko pekee haimfikishi mbali. Barua ya chuo iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata. Nyaraka za jimbo zina barua yake: inaandikwa na msimamizi wa tasnifu kwa askofu, kupitia kansela wa jimbo.

Kijana wa Igoma
Asanteni sana wakuu. Cheti chake kina jina la seminari tu. Nampigia sasa hivi.