Intaneti ya laini nyumbani inakwama kila jioni, msaada jamani

Kutoka Leicester, Jumatatu usiku

Habari za jioni wanajumuiya. Nimehamia nyumba ambayo haina waya wa simu unaofanya kazi, kwa hiyo siku tisa zilizopita nikachukua intaneti ya laini, ile ya rauta ya 5G unayochomeka kwenye umeme tu. Asubuhi nikitoka shifti ya usiku inakimbia vizuri. Ikifika saa moja jioni mambo yanaharibika: kijana wangu anashindwa kutuma kazi za shule, na nikimpigia mama Tanga kwa video sura yake inaganda, sauti inakuja vipandevipande. Nimenunua kile kifaa cha kuongeza waifai, pauni 35 zimekwenda, sijaona tofauti. Nikipiga simu kwa kampuni naambiwa zima, washa. Nimezima na kuwasha hadi nimechoka. Kuna aliyepitia haya?

Kutoka Reading, Jumanne asubuhi

Pole sana dada yangu. Nilipitia hayo hayo majira ya baridi ya mwaka juzi, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Kwanza hicho kifaa. Hakiongezi intaneti, kinasambaza tu kile ambacho rauta imeshapokea. Rauta ikipata kidogo kutoka kwenye mnara wa kampuni ya simu, kifaa kitapeleka kidogo hicho hicho hadi chumba cha juu. Intaneti yako ina safari mbili: kutoka mnarani hadi kwenye rauta, na kutoka kwenye rauta hadi kwenye simu yako. Usitumie hata pauni moja kabla hujajua ni safari ipi inayokwama.

Kujua ni rahisi. Chukua kompyuta, iunganishe na rauta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya kompyuta, kisha pima spidi. Halafu chomoa waya, nenda chumbani, pima kwa waifai. Waya ukikupa megabiti 100 kwa sekunde na chumbani ukapata 10, shida ni waifai: rauta imejificha nyuma ya televisheni, au iko jirani na maikrowevu, au umeunganishwa kwenye bendi ya waifai ya gigahezi 2.4 ambayo majirani wote wamejazana humo. Lakini waya wenyewe ukikupa 7, achana na habari za waifai kabisa. Pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku, uandike kwenye daftari. Kampuni hawabishani na daftari kama wanavyobishana na maneno.

Sasa mnara. Chini ya rauta kuna stika yenye anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na nywila. Ifungue kwenye simu ukiwa kwenye waifai, utafute RSRP na SINR. Zile taa za mbele usizitegemee. RSRP ni nguvu ya mawimbi, ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -80 ni safi, -100 inavumilika, ikishapita -110 unahangaika. SINR ni usafi wa mawimbi. Mtu anaweza kukuita kwa sauti kubwa katikati ya Kariakoo na usimsikie kwa sababu ya kelele; ndivyo ilivyo SINR ikikaribia sifuri, hata nguvu ikiwepo. Ikiwa juu ya 20 uko vizuri.

Kwangu rauta ilikuwa sebuleni, ikisoma -113. Nikaipandisha ghorofani, dirisha la mbele, ikawa -101. Nikafungua dirisha ili nione mnara uko upande gani, namba ikaruka hadi -90 papo hapo. Nikafunga, ikarudi -101. Nikafungua tena, -90. Nilisimama pale kwenye baridi nikifungua na kufunga kama mara tano kabla sijaelewa kwamba ni kioo. Vioo vya kisasa vya huku vina utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto lisitoke, na chuma hurudisha mawimbi. Zile mbao za kuzuia baridi zenye karatasi ya kung'aa ukutani zinafanya vivyo hivyo. Kwenye ngazi kuna kidirisha kidogo ambacho kioo chake ni cha zamani; nimeiweka rauta pale, inasoma -91 dirisha likiwa limefungwa, na haijahama tangu siku hiyo.

Jambo jingine: 5G ya hapa kwa sehemu kubwa iko karibu na gigahezi 3.5, na mawimbi hayo hayapendi matofali. 4G ya megahezi 800 inapenya vizuri zaidi ingawa ni ya polepole. Rauta ikiwa inaruka kila mara kati ya 5G na 4G, intaneti inakatika kila inaporuka. Ingia kwenye mipangilio, ifunge kwenye 4G siku moja uone. Simu ya video haihitaji zaidi ya megabiti chache kwa sekunde. Inachohitaji ni utulivu.

Lakini dada, namba za RSRP za asubuhi na jioni zikiwa sawa huku spidi ikianguka jioni, basi mnara umejaa watu. Hapo dirisha halisaidii. Nunua laini ya kampuni nyingine ya kulipia kabla, itie kwenye simu, simama pale pale penye rauta saa mbili usiku, upime. Na fanya haraka: kama mkataba uliufanya mtandaoni au kwa simu, sheria inakupa siku 14 za kujitoa. Utalipia siku ulizotumia tu. Umebakiwa na tano.

Kutoka Northampton, Jumanne mchana

Wanangu, kijana wa Reading amesema vizuri. Mimi naongeza la simu za nyumbani. Kabla hujailaumu rauta, mpigie kwa video mtu aliye hapa hapa Uingereza. Huyo akionekana vizuri na mama wa Tanga akaganda, shida iko mbele huko. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, zilipokatika kebo za baharini za EASSy na Seacom, zile zinazopeleka intaneti Afrika Mashariki? Tulishinda tunazima na kuwasha rauta zetu huku hitilafu iko chini ya Bahari ya Hindi.

Kutoka Leicester, Jumamosi

Shikamoo mzee, na asante sana kaka wa Reading. Nimepima siku nne. Kwa waya: asubuhi 140, saa mbili usiku 6 au 7. RSRP haikubadilika, -94 muda wote, na nikimpigia dada yangu aliye Coventry jioni naye anaganda. Kwa hiyo ni mnara. Laini ya kampuni nyingine imenipa 58 dirishani jikoni, saa mbili na nusu usiku. Jana, siku ya 13, nilivunja mkataba kwa barua pepe, na wamethibitisha kuupokea ujumbe. Kifaa cha waifai nimekirudisha dukani na risiti, pesa zimerudi.

Rauta mpya inakuja Alhamisi. Jikoni ni mbali na chumba cha kijana, kwa hiyo nitahitaji waya wa mtandao wa mita 15. Kuna mwenye nao hautumii?