Naomba ushauri: Lisbon na mzee wangu, mwalimu mstaafu wa historia

binti_mwalimu
Habari zenu wakuu. Naishi Leipzig, na mwezi wa tano baba yangu anakuja kunitembelea kutoka Lindi. Amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Tangu nimwambie visa imetoka ana ombi moja tu: nimpeleke Lisbon akaone mahali walikotoka Wareno. Paris hataki, Roma hataki.

Tunafika Jumamosi mchana na kuondoka Jumanne asubuhi. Nimepanga Jumamosi tupumzike, Jumapili twende Sintra kuona majumba ya kifalme, Jumatatu twende Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto, kwenye kaburi la Vasco da Gama. Goti linamsumbua, ngazi nyingi haziwezi, ila ni mtu asiyekubali kusema amechoka. Anaswali na anakula halali.

Waliofika huko, mpango huu unafaa? Na zaidi ya kaburi, kuna nini kinachotuhusu sisi watu wa kusini?

mkaa_amadora
Karibuni sana dada, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Mpango ugeuze kabla hujalipia chochote. Jumatatu monasteri ya Jerónimos, lilipo hilo kaburi, inafungwa, na makumbusho mengi ya serikali pia. Belém iwe Jumapili, tena mchana, kwa sababu asubuhi kanisani kuna misa.

Mkiingia kanisani, kaburi la Da Gama liko upande wa kushoto karibu na mlango. Upande wa kulia ni la mshairi Camões. Da Gama mwenyewe alifia Cochin, India, mwaka 1524, mifupa ikaletwa Ureno baadaye. Mwambie mzee ayaangalie mawe kwa makini: kamba za meli, matumbawe na nanga zimechongwa ukutani. Ujenzi ulianza 1501, na sehemu kubwa ya fedha ilitokana na kodi ya viungo na bidhaa zilizopita njia ile ile ya bahari iliyozunguka Afrika.

Sintra iacheni. Treni kutoka Rossio ni kama dakika 40, hilo si tatizo, lakini huko juu ni vilima, foleni na mabasi yaliyojaa. Siku nzima itaisha na goti litaumia.

msafiri_wa_kusini
Dada, umesema Lindi? Basi nisome vizuri, maana hili wengi wanaokwenda Lisbon hawalijui.

Kuna Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa za kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani yake kipo chombo cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém, ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe. Ni kazi ya sonara Gil Vicente, imejaa malaika na mitume wadogo waliochongwa kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Sisemi hivyo kwa kukisia: chini kwenye kitako kuna maandishi yanayozunguka, yanasema Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa, kikakamilika 1506.

Mwalimu atakuwa anaijua habari yenyewe. Mwaka 1502 Da Gama, katika safari yake ya pili, alitia nanga mbele ya Kilwa na meli za kivita, akamlazimisha mtawala akubali kulipa ushuru wa dhahabu. Miaka mitatu baadaye akaja kamanda mwingine Mreno, Francisco de Almeida, mji ukavamiwa na kuporwa. Ile dhahabu ilikuwa imefika Kilwa kwa biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, kutoka bara huko Zimbabwe, na ndiyo iliyojenga misikiti na majumba ambayo leo mtu wa Lindi akivuka kwenda Kisiwani anaona magofu yake.

Nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu. Watu wanapita, wanapiga picha, wanaendelea. Hakuna anayejua Kilwa iko wapi. Mpeleke baba yako, tafadhali. Kama mtaona kitu kimoja tu Lisbon nzima, kiwe hicho.

mzizima_mpya
Mimi nina wazo tofauti, msinielewe vibaya. Mzee anasafiri labda mara moja tu Ulaya, kwa nini akatazame mali iliyonyang'anywa kwao? Belém yenyewe imejaa sifa za hao hao. Lile sanamu kubwa la mtoni, Padrão dos Descobrimentos, lina urefu wa mita 56 na lilijengwa 1960 wakati wa utawala wa dikteta Salazar, huku Msumbiji na Angola bado ziko chini yao. Mimi ningempeleka mtaa wenye raha, akale samaki, asikilize fado, nyimbo zao za huzuni.

msafiri_wa_kusini
Nakuelewa mkuu, na uchungu wako ni wa haki. Ila huyu ni mwalimu. Maisha yake yote amefundisha jambo hili kwa chaki na ubao. Kumficha ushahidi wenyewe si kumlinda.

mkaa_amadora
Naungana na msafiri. Na dada, inapangika vizuri: Jumapili asubuhi makumbusho hayo, kisha mchana Belém. Pandeni basi namba 714 kutoka Praça da Figueira, linawashusha jirani na mlango, na baadaye hilo hilo linaendelea mpaka Belém. Tramu namba 15 nayo inaenda Belém, lakini ukishukia chini ya makumbusho kuna ngazi za kupanda.

Jumatatu ibaki ya mji mkongwe. Kwenye ngome ya São Jorge, ambayo Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliiteka kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, msipande kwa miguu, basi 737 linafika juu kabisa. Kisha shukeni taratibu kwenye mtaa wa kale wa Alfama. Tramu 28 ni nzuri kwa macho, ila ina wezi wa mifukoni, na mzee hatapata kiti. Glória, kile kibehewa cha reli kinachovutwa kwa kamba kupanda kilima, msikitegemee: kiliacha njia Septemba 2025 na watu 16 wakafariki.

Karibu na Rossio kuna magofu ya kanisa la Carmo. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 lilibomoa paa, na mpaka leo linatazamana na mbingu. Linafunguliwa Jumatatu, Jumapili ndiyo hufungwa.

umm_salma
Kuhusu chakula: nendeni Martim Moniz, mtaa wa Benformoso na vichochoro vyake. Wabangladeshi na Wapakistani wamejaa, halali si ya kutafuta. Pale ni Mouraria, ambako Waislamu waliobaki baada ya 1147 walipewa pa kuishi, baba ataipenda habari hiyo.

Mikahawani mkikaa tu mtaletewa mkate, zeituni na jibini. Si bure, mkigusa mnalipa. Mnaruhusiwa kurudisha. Supu ya caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe, iepukeni. Samaki wa kuchoma hana neno.

Msikiti mkuu uko karibu na kituo cha metro cha Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985.

binti_mwalimu
Jamani, Mungu awabariki. Nimempigia baba nikamsomea maelezo ya msafiri. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama maandishi ya kwenye kitako yanasomeka kwa macho au ni madogo mno. Sintra nimeifuta. Swali la mwisho: kutoka uwanja wa ndege nichukue teksi au metro?

msafiri_wa_kusini
Maandishi ni madogo na herufi ni za kizamani. Abebe miwani yake ya kusomea.

mkaa_amadora
Metro mstari mwekundu unaanzia hapo hapo uwanjani, mnabadilisha Alameda kuingia wa kijani mpaka Rossio. Kila mtu anunue kadi yake ya Navegante, senti 50, haitumiki na watu wawili kwa pamoja. Ila kwa goti na mabegi, siku ya kwanza chukueni teksi. Na viatu vyenye soli inayoshika: mawe ya njia za miguu huku yanateleza sana mvua ikinyesha, hata sisi wenyeji tunaanguka.