Mikwaruzo katika rekodi za Guided by Voices: ni upungufu wa vifaa au ni makusudi?

Mkaazi wa Kikwajuni:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi na wenzangu tuna bendi ndogo hapa Unguja inayopiga roki ya panki, na kwa muda sasa tumekuwa tukisikiliza kwa makini rekodi za Guided by Voices, bendi ya mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, hasa albamu yao ya Bee Thousand iliyotoka mwaka 1994. Naipenda mno albamu hii, lakini kila ninayemsikilizisha hapa mtaani huniambia kuwa imeharibika. Sauti ya mwimbaji imefunikwa na mvumo, ngoma zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili, na katika wimbo wa kwanza kabisa gitaa linakatika kisha linarudi, nao wakauachia wimbo utoke hivyo hivyo. Mjomba wangu, ambaye ni mtu wa taarab, anasema hakuna tofauti na santuri kongwe za Siti binti Saad: watu hawakuwa na uwezo, wakarekodi walivyoweza. Je, ni suala la uwezo tu? Na sisi tunaotaka kurekodi nyimbo zetu, tuifuate njia hiyo au tusubiri mpaka tupate pesa za studio?

Fundi Sauti, Mwembetanga:

Wa alaykum salaam. Nianze na mashine, kwa sababu sehemu kubwa ya unayoyasikia yanatoka humo. Bendi ile ilirekodi kwa mashine za kaseti za njia nne, aina ambayo kampuni ya Tascam iliitoa kwanza mwaka 1979 kwa jina la Portastudio. Kaseti ya kawaida ina mistari minne ya sauti, miwili kwa kila upande. Mashine hii huitumia yote minne kwa mwendo wa upande mmoja, ili gitaa, ngoma, besi na mwimbaji kila mmoja apate mstari wake. Sasa zingatia kuwa upana wote wa utepe wa kaseti haufiki milimita 4, na kaseti ya kawaida huenda kwa kasi ya takriban sentimita 4.8 kwa sekunde, wakati studio kubwa za miaka ile zilitumia utepe wa inchi 2 uliokwenda sentimita 38 au 76 kwa sekunde. Mstari ukiwa mwembamba na mwendo ukiwa mdogo, ule mchuruziko wa utepe wenyewe, yaani ile sauti ya "shhh" isiyokatika, huwa karibu sana na muziki.

Kisha njia nne hazitoshi. Ukitaka kuongeza sauti ya pili ya mwimbaji, huna budi kuzichanganya njia tatu na kuzihamishia kwenye ya nne, ndipo zile tatu ziwe huru tena. Kila uhamisho huongeza mchuruziko na kupunguza ung'avu wa matoazi, na ukishafuta zile za mwanzo huwezi tena kuipandisha ngoma peke yake. Ndiyo maana ngoma unazozisikia zimekaa mbali.

Hata hivyo, sikubali kuwa ni uwezo tu. Mwaka 1999 bendi hiyo hiyo ilitoa albamu ya Do the Collapse, iliyosimamiwa na Ric Ocasek wa bendi ya The Cars, ikiwa na gitaa safi na ngoma zilizokaa mbele. Isikilize, kisha urudi kwenye Bee Thousand. Mimi naona ile ya 1994 ndiyo iliyo hai zaidi, kwa kuwa inasikika wazi kuwa wimbo umenaswa ungali mbichi, kabla wapigaji hawajauchoka.

Mpenzi wa Taarab, Wete:

Kwa heshima zote kwa mjomba wako, hapo amechanganya mambo mawili. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928, walirekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za santuri duniani wakati huo. Mkwaruzo tunaousikia leo umetokana kwa kiasi kikubwa na santuri zenyewe, zilizochakaa kwa kupigwa miaka mingi kwa sindano ya chuma. Huko Dayton, ukali wa sauti umo katika rekodi ya asili, na hata ukipata nakala mpya kabisa utaukuta.

Tofauti nyengine, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni urefu wa nyimbo. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua kiasi cha dakika tatu, kwa hivyo mwimbaji wa taarab alilazimika kuufupisha utenzi wake. Kaseti haikumlazimisha Robert Pollard, mwimbaji na mtunzi wa Guided by Voices, kufanya hivyo, na bado Bee Thousand ina nyimbo 20 ndani ya dakika zisizozidi 37, nayo Alien Lanes ya mwaka 1995 ina nyimbo 28 katika dakika 41 hivi. Wimbo unaisha pale ambapo bendi nyengine ingeanza kiitikio cha pili. Huo ni uamuzi wa mtunzi, tena mtunzi aliyekuwa mwalimu wa skuli ya msingi kwa miaka mingi huku akiandika nyimbo bila ya kusita.

Mkaazi wa Kikwajuni:

Ahsanteni sana, nimefaidika. Mwenzetu mmoja amependekeza turekodi kwa kompyuta kisha tuweke programu inayoongeza mchuruziko wa kaseti. Mnaonaje?

Fundi Sauti, Mwembetanga:

Msifanye hivyo. Mchuruziko ule ulikuwa gharama waliyoilipa ili wapate kunasa wimbo siku ile ile. Mkiununua peke yake mtabaki na gharama bila ya faida. Igeni kazi yao badala yake: jiwekeeni njia nne tu hata kama kompyuta inawapa mia, pigeni pamoja chumba kimoja, na rekodini wimbo mara tu mnapoumudu. Kisha chujeni bila ya huruma. Bee Thousand ilikusanywa kutoka katika akiba kubwa ya nyimbo, nyengine za miaka ya nyuma, na mpangilio wake ulibadilishwa mara kadhaa kabla ya kampuni ya Scat kuitoa. Maikrofoni ya mwimbaji iwekeni karibu na mdomo, zimeni feni wakati wa kurekodi, na kama gitaa litakatika, sikilizeni kwanza wimbo wote kabla ya kuamua kurudia.