Msaada: mpwa wangu anakwama maswali ya presha na ujazo wa gesi, afanyeje mazoezi?

Mjomba_Kyela
Habari za jioni wakuu. Naishi na mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Fizikia anaipenda, ila akifika kwenye kanuni za gesi anakwama. Kanuni zenyewe anazo kichwani; umwamshe usiku wa manane atakutajia ya Boyle (presha ukizidisha kwa ujazo jibu halibadiliki, joto likiwa lilelile) bila kukosea. Shida ni swali. Leo kapewa hili: povu la hewa la 2 cm³ linatoka kina cha mita 20 ziwani, likifika juu litakuwa na ujazo gani? Kaandika 4, kitabu kinasema 6. Mimi nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), hapo siwezi kumsaidia. Nimnunulie kitabu kingine cha maswali au nimtafutie tuisheni?

Chalii_PCM
Apige mitihani ya taifa ya NECTA ya miaka ya nyuma mpaka mkono uzoee. Sisi tulitoka hivyo hivyo.

Mwl_Chaki
Chalii, ataipiga yote na kosa litabaki palepale. Mjomba, hiyo 4 inaeleza kila kitu. Kijana kapanga fomula vizuri na kuzidisha hajakosea. Alichoacha ni hewa iliyo juu ya ziwa. Kila mita 10 za maji huongeza presha inayokaribia angahewa 1, kwa hiyo mita 20 ni 2, jumlisha ile ya hewa juu ya maji, zinakuwa 3. Usoni mwa maji inabaki 1. Joto tukilichukulia halibadiliki, ujazo unakua mara tatu: 6 cm³.

Kosa hilihili lipo kwenye maswali ya tairi. Geji ikisoma 30 psi (kipimo cha presha), ndani mna kama 45, maana geji inaanza kuhesabu kuanzia presha ya hewa ya nje. Ndiyo sababu kwenye tairi lenye pancha inasoma sifuri na hewa bado imo.

Zoezi langu: wiki nzima asikokotoe chochote. Kila swali achore hali ya kwanza na hali ya pili, aandike P (presha), V (ujazo) na T (joto) kila upande, kisha aseme kipi hakibadiliki. Afunge daftari akalale. Kuzidisha na kugawanya hakujawahi kuwa tatizo la mtoto wa kidato cha tatu.

Dada_wa_Maabara
Naunga mkono, ila kwenye hiyo T aandike Kelvin (°C jumlisha 273) papo hapo, asisubiri. Gesi ya 300 cm³ ikipashwa kutoka 27°C hadi 54°C, presha ileile, wengi wanakimbilia 600. Ni 300 K kwenda 327 K, kwa hiyo ujazo ni 327 cm³ tu.

Halafu Mjomba, pita duka la dawa ununue bomba la sindano, sindano yenyewe waachie. Avute hadi 20 ml, azibe mdomo kwa kidole, asukume hadi 10. Kidole kitamfundisha kabla ya fomula.

Mjomba_Kyela
Asanteni sana. Nimemsomea, naye kauliza: hewa iko ndani ya povu, mbona tunatumia presha ya maji yaliyo nje?

Mwl_Chaki
Huyo mtoto hana haja ya tuisheni. Mwambie presha ya ndani ingekuwa pungufu, maji yangelibana povu mpaka zilingane. Ingekuwa kubwa, povu lingetanuka. Kwa hiyo ukijua ya nje umeijua ya ndani.

Mpe na hili. Mrija mrefu mwembamba wa kioo, umezibwa upande mmoja, una hewa iliyofungiwa na uzi wa zebaki wa sm 15. Ukilazwa, hewa ina urefu wa sm 24. Presha ya angahewa ni sm 75 za zebaki. Ukisimamishwa mdomo juu, hewa itakuwa na urefu gani? Mdomo ukiwa chini je? Achore kwanza!

Mjomba_Kyela
Kachora michoro mitatu. Anasema 20, na mdomo ukiwa chini 30.

Mwl_Chaki
Zote sahihi. Mdomo juu, zebaki inaikandamiza hewa: 75 + 15 = 90. Mdomo chini, zebaki inaning'inia: 75 − 15 = 60. Wengi hapo wanajumlisha tena. Sasa aanze yale ambayo presha na joto vinabadilika kwa pamoja, mawili au matatu kwa siku yanatosha.