Honi ya boila imeandikwa 75 Hz, simu inaonyesha 150: nani mkweli?

fundi_miwa, Jinja
Ndugu mafundi, habari za kazi. Boila yetu inachoma makapi ya miwa, na tumefungiwa honi ya hewa ya kung'oa majivu kwenye ikonomaiza, ile mirija inayopasha maji ya boila kwa joto la moshi. Kibati kinasema frikwensi ya msingi ni 75 Hz. Nimepima kwa programu ya simu: kilele kirefu kiko 150, vingine 225 na 300. Kwenye 75 karibu hakuna kitu. Msimamizi anataka irudishwe, iletwe ile fupi ya 230. Mimi sijaridhika.

mzee_wa_klinka, Tororo
Msiirudishe! Tazama nafasi kati ya vilele: 150 hadi 225 ni 75, 225 hadi 300 ni 75. Huo ndio msingi. Ungekuwa 150, hiyo 225 ingetoka wapi? Kiwambo cha titaniamu, kile kibati chembamba ndani ya honi, kinafungua na kufunga hewa mara 75 kwa sekunde, na hakitoi wimbi laini, kwa hiyo mara mbili yake na mara tatu yake husikika pia. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa maongezi, besi inaipunguza. Hata mita ya kelele ikiwa kwenye dBA, kipimo kinachopunguza besi kama sikio la mtu, hukata kama desibeli 24 hapo. Iweke dBC, ambayo karibu haikati besi hiyo.

Halafu hilo la 230. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya: wimbi la 75 lina mita 4.6, la 230 mita 1.5. Ndani ya moshi wa nyuzi 300 kasi hukaribia mita 480, na wimbi lenu linafika mita 6.4. Wimbi refu hivyo huzunguka mirija na kufika safu za nyuma, kama maji ya Nile yanavyozipita nguzo za daraja hapo kwenu. Honi fupi sisi tunaiweka kwenye filta za vumbi, nafasi ni ndogo, na huko inafanya kazi nzuri sana.

mama_mitambo, Masindi
Nakubaliana na mzee. Ila honi hutikisa majivu makavu tu. Yaliyokwisha kuganda kwenye mirija yakwangueni boila ikiwa imezimwa, ndipo honi ianze kazi.

fundi_miwa, Jinja
Asanteni sana. Na ikilia kwa unyonge?

mzee_wa_klinka, Tororo
Anza na presha ya hewa. Soma geji honi ikiwa inalia, siyo ikiwa kimya.