Gari la zimamoto la zamani: mnadani au mbele ya kituo?

Mwana Shangani: Gari la zimamoto la Kiingereza la miaka ya 1950, Dennis au Bedford, likishafutwa kazini, kwetu Mtwara linaishia kwenye mnada wa chuma chakavu. Nasema libaki. Lipakwe rangi nyekundu, lisimame mbele ya kituo watoto walione. Na mnara wa kuanikia mipira ya maji usivunjwe.

Korosho Ghafi: Ghala la korosho likishika moto linataka maji, halitaki makumbusho. Gari liuzwe, inunuliwe mipira mipya. Mnara wa nini siku hizi?

Fundi Pampu: Hilo "lipakwe rangi" ndilo linaloua magari haya. Mabodi mengi ya wakati ule ni bati juu ya fremu ya mbao. Ukipaka juu unafunika mchwa na kutu, na masika ya pili mlango unabaki bati tupu. Fungua bati za chini, choma mbao kwa bisibisi. Ikizama, hiyo imekwisha. Kutu ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, kisha praima (rangi ya kwanza) ya zinki siku hiyohiyo, maana kwa upepo wa chumvi wa Mtwara chuma kikilala wazi kinaamka na kutu. Na msichomelee karibu na fremu: mbao inafukuta ndani, moshi mnauona mafundi wameshaondoka.

Mwana Shangani: Wapi nimesema lipakwe juu ya kutu? Usinilishe maneno, Fundi.

Bi Mikindani: Boma letu la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani 1895, lilikuwa gofu, likakarabatiwa, leo ni hoteli. Hakuna aliyeuliza Boma linazima moto gani. Gari nalo lifufuliwe, siku ya sherehe lishuke ufukweni livute maji ya bahari, watu waone mkuki wa maji unavyoruka.

Fundi Pampu: Baharini hapana, dada. Pampu ikiwa na mwili wa alumini na impela (gurudumu la kusukuma maji) ya shaba nyeusi, maji ya chumvi yanazigeuza kuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Kwenye magari mengi maji ya pampu hupita pia kwenye kipoza cha injini, kwa hiyo chumvi inaingia mpaka huko.

Kaka wa Mtanda: Meli zinasukuma maji ya bahari miaka nenda rudi. Na Dennis zote zina injini ya Rolls-Royce, si za kubembelezwa hizo. Tena likihifadhiwa lije Lindi, iliyokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini wakati Mtwara bado haijachimbiwa bandari ya ule mradi wa karanga wa Waingereza.

Mwana Shangani: Karanga zilishindwa, bandari ipo na meli zinatia nanga. Lindi mna nini cha kulinganisha?

Fundi Pampu: Si Dennis zote, na hata zenye Rolls-Royce hazifanani: modeli ya F8 ina B60 ya silinda 6, F12 ina B80 ya silinda 8. Ukikosea hapo unaagiza gasketi isiyoingia. Pampu za meli zimeundwa kwa chumvi tangu mwanzo.

Korosho Ghafi: Habari ya mipira mmeikimbia.

Bi Mikindani: Hatujaikimbia, kaka. Mipira mingi ya zamani ilikuwa kitani tupu, bila raba ndani. Ikilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu. Isipoanikwa wima mpaka ikauke, inaota ukungu na kupasukia kwenye mkunjo. Ndiyo kazi ya mnara. Ukiuvunja, gari linabaki nusu ya habari.

Kaka wa Mtanda: Sawa, Fundi. Moto halisi ukizimwa kwa maji ya bahari kwa sababu hakuna mengine, unafanyaje?

Fundi Pampu: Siku hiyohiyo, kabla chumvi haijakauka. Fungua vali zote za kutolea, pitisha maji ya bomba mpaka yanayotoka hayana ladha ya chumvi, endesha na kile kivutio cha hewa kinachoifanya pampu inyonye maji, nacho kisafishike, kisha mwaga yote. Halafu funga kila tundu la pampu, vuta hewa pampu ikiwa kavu, utazame geji. Sindano ikiporomoka, maana yake hewa inavuja: anza na washa (pete za kuzibia) za bomba la kuvutia, ndipo uende kwenye glandi, kizibo kinachoizunguka shafti. Usiikaze glandi kiasi cha kuacha kudondosha kabisa. Ikifanya kazi idondoshe tone moja moja, la sivyo shafti inaungua. Na kamba ya zamani ya kuzibia glandi mara nyingi ina asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu: iloweshe kabla ya kuichomoa, usiipulize kwa upepo wa kompresa.

Bi Mikindani: Breki je?

Fundi Pampu: Vilevile, bitana zake za zamani nazo zaweza kuwa na asbesto. Lowesha kwanza.